Gredi 4.5 ya Nini Hasa? Uhakiki wa Karatasi ya Mnada

Jumapili moja usiku mdogo wangu alinitumia picha mbili WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa ya gari: Mazda RX-8 nyekundu, imeoshwa mpaka inang'aa, imeegeshwa kwenye yadi moja hapa Dar. Ya pili ilikuwa karatasi ya Kijapani yenye mchoro wa gari lililofunuliwa kama samaki wa kukausha, na kwenye kona ya juu kulikuwa na namba iliyozungushiwa duara kwa kalamu nyekundu: 4.5. Chini yake ameandika: "Dada cheki hii. Gredi 4.5! Dalali anasema haina kazi kabisa, ni kuweka mafuta na kuondoka."

Kwa wasiomjua, mdogo wangu ameweka akiba miaka mitatu. Mama anataka pesa hiyo iende kwenye msingi wa nyumba, kiwanja cha Chanika. Yeye anataka gari, tena si gari lolote, gari la michezo la umbo la kupe. (Jina tu limefanana na yule mdudu wa ng'ombe, ingawa baadhi ya wamiliki watakwambia hata kazi zinafanana: wote wananyonya.) Mimi nasoma uzamili wa sayansi ya vifaa, kwa hiyo nyumbani naonekana najua chochote chenye chuma ndani yake. Nikaombwa niseme ndiyo au hapana.

Nilikaa na ile karatasi usiku mzima kama vile mtu wa fasihi anavyokaa na riwaya. Na hicho ndicho ninachotaka kufanya hapa: kuihakiki kama tunavyohakiki kitabu. Nani ameiandika? Amemwandikia nani? Anasema nini, na wapi amenyamaza? Nina sababu ya kufanya hivyo. Watu wengi hapa kwetu wananunua magari ya Japani kwa kuamini karatasi hii kuliko wanavyomwamini fundi, na mimi nadhani wengi wetu tunaisoma vibaya.

Karatasi yenyewe inasemaje

Tuanze kwa kuitendea haki. Japani ina soko kubwa sana la minada ya magari yaliyotumika. Gari linafika mnadani, mkaguzi analizunguka, anafungua milango na boneti, anachungulia chini, anaandika. Wanaonunua pale ni wafanyabiashara, na wengi hawaligusi gari kabisa. Wanatazama karatasi na picha kwenye skrini, wanabonyeza kitufe. Karatasi imeandikwa kwa ajili ya watu hao.

Gredi ya jumla inaanzia S au 6 kwa gari karibu jipya, inashuka 5, 4.5, 4, 3.5, 3 na kuendelea. Herufi R au RA kwa kawaida inamaanisha gari liliwahi kupata ajali na kurekebishwa. Ndani ya gari kuna gredi yake, A, B, C, D. Kisha unakuja ule mchoro, ambao kwangu ndio sehemu tamu zaidi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX kimeshabadilishwa. Namba inayofuata inaonyesha ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa. Minada inatofautiana kidogo, lakini ukijua hizo umeshajua kusoma sehemu kubwa.

Karatasi ya mdogo wangu ilikuwa na A1 mbili kwenye bampa, U1 moja kwenye mlango wa kushoto, ndani B, kilomita 61,000, mwaka wa gari 2006, mwaka wa mnada 2016. Hakuna W hata moja. Kwa lugha ya mtaani, gari limenyooka.

Hapa karatasi inastahili sifa. Ukitaka kujua kama gari liligongwa, likapigwa puti na kurudishiwa rangi, mkaguzi wa mnada amezoea kuona vitu ambavyo mimi na wewe tungevipita. Amekagua magari mengi kuliko tutakayomiliki ukoo mzima. Tena hana sababu ya kumpendelea muuzaji, kwa sababu mnada wenyewe unaishi kwa kuaminiwa na wanunuzi.

Sasa rudi kwenye orodha ya alama uniambie: ipi inayohusu injini?

Hakuna. Kuna sehemu ya maelezo ambako mkaguzi anaweza kuandika kama injini ina kelele, inavuja au inatoa moshi, na akiona tatizo la wazi kweli anaandika. Lakini kila gari anapewa dakika, si masaa. Haendi nalo barabarani nusu saa, hafungui plagi, hapimi kompresheni. Gredi 4.5 ni gredi ya bodi, ya chumba cha ndani, na ya umbali uliotembewa. Ni alama ya mtihani wa Kiswahili, na sisi tunaitumia kumsajili mtoto darasa la hesabu.

Kwa nini RX-8 ndiyo inayoiumbua karatasi

Kwa sedani ya kawaida yenye injini ya pistoni, kosa hili linaweza lisikugharimu sana, kwa sababu gari lililotunzwa bodi mara nyingi limetunzwa na injini. Kwa RX-8 uhusiano huo unalegea, na sababu iko ndani ya injini.

RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, na haina pistoni. Ina rota mbili, kila moja ni pembetatu yenye pande zilizovimba, inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kila upande wa rota unafanya kazi kama pistoni: unavuta hewa na mafuta, unaminya, unachoma, unatoa moshi. Ujazo wa injini ni sentimita za ujazo 1,308 tu, lakini inazunguka kwa kasi kubwa na ulaini ambao pistoni zingeuonea wivu. Mwaka 2003 injini hii, Renesis, ilishinda tuzo ya kimataifa ya Injini ya Mwaka.

Shida iko kwenye ncha. Kwenye kila pembe ya rota kuna kipande chembamba cha chuma, sili, kinachotelezea ukutani mwa chumba bila kupumzika. Sili hiyo ndiyo inayozuia gesi iliyominywa upande mmoja isivujie upande wa pili. Pistoni ina ringi kadhaa zinazosaidiana, na ringi zile hukaa bapa zikiegemea ukuta kwa duara zima. Sili ya ncha iko peke yake, inagusa ukuta kwa mstari mwembamba, na pembe inayougusia inabadilika kila wakati rota inapozunguka. Sisi wa sayansi ya vifaa tukiona mgusano wa namna hiyo, swali letu linakuwa itachakaa lini.

Historia inalijua tatizo hili vizuri. Injini ya kwanza ya Felix Wankel iliwashwa Ujerumani mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mwaka 1967 NSU ikatoa gari la Ro 80, likashinda Gari la Mwaka la Ulaya la 1968, halafu wateja wakaanza kurudi na injini zilizokwisha sili. Gharama za waranti ziliiumiza kampuni, na mwaka 1969 ikachukuliwa na Volkswagen. Mazda, chini ya mhandisi Kenichi Yamamoto, walipambana na mikwaruzo ya kujirudia kwenye ukuta wa chumba ambayo wao wenyewe waliita kucha za shetani. Wakaja na sili za mchanganyiko wa kaboni na alumini, wakatoa Cosmo Sport mwaka huohuo wa 1967. Mwaka 1991 gari lao la rota nne, 787B, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans.

Kwa hiyo ukiuliza "injini ya rota ni imara?" unapata majibu mawili ya kweli. Imeshinda mbio za saa 24. Na kwa RX-8 za 2004 hadi 2008 zilizouzwa Marekani, Mazda walilazimika kurefusha waranti ya kiini cha injini mpaka miaka 8 au maili 100,000. Tuzo ya 2003 ilipima injini mpya. Waranti iliyorefushwa ilikuwa jibu kwa injini zilizokwishaishi na watu. Vitu viwili tofauti vimepimwa, na anayenunua gari lililotumika anahitaji cha pili.

Kilomita 61,000 ni chache kwa nani?

Namba ya pili iliyomfurahisha mdogo wangu ni kilomita. "Dada, elfu sitini na moja kwa miaka kumi! Haijatembea hii."

Tupige hesabu. 61,000 ukigawa kwa siku 3,650 unapata karibu kilomita 17 kwa siku. Inaweza kuwa mtu aliyekwenda kazini kilomita nane na nusu na kurudi nane na nusu, kila siku. Inaweza pia kuwa mtu aliyelificha gari uani siku za kazi, akalitoa wikendi moja moja kwa safari ndefu ya barabara kuu. Dashibodi inaonyesha namba ileile. Kwa RX-8 hayo ni maisha mawili tofauti kabisa.

Injini hii imeundwa kula mafuta ya injini kidogo kidogo. Pampu maalumu inadondoshea oili ndani ya chumba ili sili zipate kulainika. Mwenye gari asiyejua hili, ambaye hapimi oili katikati ya sevisi, anaweza kuiua injini akiamini anaitunza. Halafu injini baridi hupewa petroli nyingi. Ukiiwasha, ukaisogeza mita ishirini kutoka uani, ukaizima, petroli inabaki ndani, inasafisha oili ukutani, na kesho plagi zinazama kwenye mafuta na gari haliwaki. Safari fupi zisizoipa injini nafasi ya kupata moto zinaacha pia masizi yanayoganda kuzunguka sili, na sili iliyoganda haiwezi kufuata ukuta.

Kwa hiyo yule aliyekwenda mjini kila asubuhi kilomita nane anaweza kuwa na injini iliyochoka kuliko aliyetembea kilomita 110,000 za safari ndefu. Tunapenda kilomita chache kwa sababu tunadhani uchakavu unaongezeka kwa umbali. Kwa matairi, sawa. Kwa sili za RX-8, idadi ya kuwasha ukiwa baridi, historia ya oili na joto vina uzito wao, na hakuna kimojawapo kinachoandikwa kwenye karatasi.

Na kuna joto. Mnyororo wa balaa unaanzia kwenye kitu kidogo. Koili zinachoka, cheche inakuwa dhaifu, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya bomba la moshi. Masega yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba. Moshi ukikosa njia, joto linarudi kwenye injini, na sili ndizo zinazolipa. Bodi muda wote huo bado ni A1 mbili na U1 moja.

Ukimya mkubwa kuliko wote

Kuna jambo nililiona usiku ule nikacheka peke yangu. Karatasi ni ya 2016. Gari liko Dar tangu wakati huo. Dashibodi sasa inasoma kilomita 83,000, kwa hiyo gari limetembea kilomita 22,000 kwenye foleni na joto letu, kwa oili ambayo hakuna anayejua ilikuwa ipi. Dalali bado anaionyesha karatasi kama cheti cha kuzaliwa. Na kweli ni cheti cha kuzaliwa. Hakuna daktari anayekupima presha kwa kutazama cheti cha kuzaliwa.

Vivyo hivyo na ile sifa ya "ni namba E hii". Herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba zetu inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Gari la 2006 linaweza kuwa na namba mpya kabisa. Namba ya gari ni saa iliyoanza kuhesabu bandarini.

Na ushuhuda? Mdogo wangu ana rafiki anayemiliki RX-8 mwaka wa nne, "haijawahi kumsumbua". Namwamini. Lakini waliosumbuliwa wameshauza, wamebadilisha injini, au gari limekaa juu ya mawe nyuma ya gereji likiwa na kuku ndani. Hawapigi picha. Ukiwauliza wanaoendesha tu kama gari linaendesheka, unajua utakachojibiwa.

Tufanye hesabu ya imani

Hapa ndipo takwimu inapotusaidia, na haihitaji kalkuleta. Namba zifuatazo nimezibuni ili tuelewe njia, usizinukuu popote kama takwimu za RX-8.

Chukulia RX-8 mia moja za umri huu zimepangwa kwenye uwanja, na 40 kati yake zina kompresheni dhaifu. Kabla hujajua chochote, nafasi yako ya kununua ugonjwa ni 40 kwa 100. Sasa nikakwambia: hii ina gredi 4.5. Kama gredi ya bodi haina uhusiano na hali ya sili, basi kati ya zenye 4.5 pia karibu 40 kwa 100 ni dhaifu. Umepata habari, umefurahi, na hatari yako haijasogea hata nukta. Habari isiyotofautisha mgonjwa na mzima ni mapambo.

Linganisha na kipimo kingine. Unaendesha gari dakika ishirini mpaka lipate moto sawasawa, unazima, unasubiri dakika kumi, unawasha tena. Injini ya rota yenye sili zilizochoka mara nyingi husumbua hapo hapo, ikiwa ya moto, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na haisaidii kuziba mianya kama ilivyokuwa baridi. Chukulia 70 kwa 100 ya zilizo dhaifu zinafeli kipimo hiki, na 10 kwa 100 ya nzima nazo zinafeli kwa sababu nyingine, tuseme betri au stata.

Gari likifaulu: kati ya dhaifu 40 zimebaki 12, kati ya nzima 60 zimebaki 54. Hatari yako sasa ni 12 kwa 66, karibu 18 kwa 100. Likifeli: dhaifu 28, nzima 6, hatari ni 28 kwa 34, zaidi ya 80 kwa 100. Kipimo cha bure, cha nusu saa na chupa ya maji, kimehamisha hatari kutoka 40 kwenda 18 au 82. Karatasi yenye mhuri na duara jekundu haikuihamisha.

Utaona pia kwamba ule ushauri wa siku zote, "nenda asubuhi, wahi gari likiwa baridi", ni mzuri kwa injini ya pistoni lakini kwa hii unakupa nusu ya jibu. Ushauri nao unatakiwa uulizwe: umetengenezewa injini gani?

Gereji, Jumamosi

Kipimo chenyewe ni kompresheni, na hapa kuna mtego mwingine. Geji ya kawaida ya gereji ina valvu ndogo inayoshikilia presha kubwa kuliko zote iliyowahi kufika. Kwa silinda moja ya pistoni hilo ni sawa. Kwa rota ni udanganyifu, kwa sababu tundu moja la plagi linapitiwa na pande tatu kwa zamu. Upande mmoja ukiwa mzima, geji itashikilia namba yake na kuwafichia wenzake wawili walio hoi. Ni wastani wa darasa uliochukuliwa kwa mwanafunzi wa kwanza peke yake.

Kipo kifaa maalumu kinachosoma pande zote tatu na kasi ya stata. Kiwango cha Mazda kwa injini hii, ikizungushwa mizunguko 250 kwa dakika, ni kilopaskali 830 ikiwa vizuri na 680 ndiyo sakafu. Tofauti kati ya pande za rota moja isizidi 150, na kati ya rota na rota isizidi 100. Kasi ni muhimu: stata ikizungusha haraka zaidi, gesi inapata muda mfupi wa kuvuja, na namba inapanda bila injini kupona. Anayekupa namba ya kompresheni bila kasi amekupa nusu ya kipimo.

Sisi kifaa hicho hatukukipata. Fundi mmoja wa Ilala alituonyesha njia ya maskini: toa ile valvu ndogo ndani ya geji, fungua plagi moja ya rota, zima petroli na cheche, kanyaga mafuta mpaka mwisho, zungusha stata. Sindano haishikilii tena, inaruka. Kwa mizunguko 250 kwa dakika inaruka kama mara nne kwa sekunde, kwa hiyo tulirekodi video kwa simu na kuiangalia polepole. Haikupi kilopaskali za kuaminika. Inakupa kitu kimoja: je, miruko mitatu inafanana?

Dalali alilalamika kidogo. "Dada yangu, gari hii inajulikana, karatasi si mmeiona?" Tukamwambia tumeiona, nzuri sana. Tulichaji betri kwanza ili stata isije ikatudanganya. Injini ikapashwa moto.

Rota ya mbele: juu, juu, juu. Rota ya nyuma: juu, chini, juu. Juu, chini, juu. Tukarudia mara tatu. Fundi hakusema kitu, alimtazama mdogo wangu tu, kisha akaanza kurudisha plagi.

Hukumu

Sitasema karatasi ya mnada ni ya uongo. Kila ilichosema kuhusu gari lile kilikuwa kweli: mikwaruzo miwili, kibonyeo kimoja, ndani B. Ni kazi ya mtu makini aliyejibu maswali aliyoulizwa. Kasoro iko kwetu tunaompa mkaguzi wa bodi madaraka ya kutolea hukumu injini, na kwa wauzaji wanaoukoleza mkanganyiko huo kwa kalamu nyekundu. Kasoro yake yenyewe ni moja: kubana mambo mengi kwenye namba moja kubwa pembeni ya ukurasa. Namba moja inasomeka haraka, inasafiri vizuri kwenye WhatsApp, na inamfanya msomaji aache kusoma.

Hili si la RX-8 peke yake. Chukua Toyota 86 au pacha wake Subaru BRZ, magari ya michezo yaliyoanza kuuzwa 2012. Hayana rota, na gredi ya mnada inaweza kuwa nzuri vilevile. Lakini mwishoni mwa 2018 yale ya miaka ya mwanzo yaliitwa kiwandani kwa sababu ya springi za valvu, na kazi ile inadai injini ifunguliwe. Swali la gari hilo ni: je, lilirudishwa, na aliyeifungua injini aliifunga vizuri? Jibu liko kwenye namba ya chesesi na kumbukumbu za sevisi. Kila gari lina sehemu yake inayokufa kwanza. Itafute hiyo, kisha tafuta kipimo kinachoigusa hiyo. Mengine yote yasome kwa starehe.

Kwa atakayeona picha ya karatasi wiki hii, maswali yangu ni matatu tu. Namba hii imepima nini? Imepimwa lini? Na kama gari lingekuwa bovu, namba hii ingekuwa tofauti? Likikosekana jibu la swali la tatu, weka simu chini, mtafute fundi.

Mdogo wangu alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Hakukimbia. Alitoa ofa: bei ya dalali, kutoa gharama ya kujenga upya injini. Alikuwa analipenda gari lile, na mtu anayenunua ugonjwa huku akijua bei ya dawa hajadanganywa. Dalali alikataa kwa hasira kidogo, akasema gari la gredi 4.5 haliuzwi bei ya chakavu.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu akanitumia picha nyingine. Gari lilelile, sasa lina utepe mwekundu juu ya boneti, na kijana mmoja amesimama pembeni akitabasamu, ameshika funguo mkono mmoja na ile karatasi mkono wa pili. Hatukuandikiana chochote kwa muda. Kisha akauliza kama nafikiri inafaa kumtafuta yule kijana amwambie apime oili kila akijaza mafuta.

Nikamwambia inafaa.